Aghalabu Si Daima

Ukungu hutanda asubuhi juu ya mashamba ya chai ya Mufindi. Mkazi wa Igowole asemapo hivyo, silabi moja, "hu", imekwisha kubeba desturi yote. Lakini haielezi kadiri yake. Kadiri ya tendo hutajwa kwa kielezi: daima, aghalabu, mara nyingi, kwa nadra. Kiswahili hukipa kielezi hicho uhuru mkubwa. "Mara nyingi ukungu hutanda" ni sawa, na "Ukungu hutanda mara nyingi" ni sawa pia.

Kiingereza ni mwenyeji mkali zaidi. Humwonyesha kila mgeni kiti chake. Kielezi hukaa kabla ya kitenzi kikuu: "Mist often covers the hills." Kitenzi kikiwa "to be", hukaa baada yake: "The mornings are often cold." Kikiwapo kitenzi kisaidizi, hukaa kati ya viwili hivyo: "We have often seen frost." "Sometimes" huweza kufungua sentensi, "always" aghalabu haifungui, ila katika amri.

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967. Mtoto atokaye huko huingia sekondari akakuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Akiandika "He goes always to school," msomaji humwelewa. Kosa ni la mpangilio tu. Hatari kubwa zaidi imo katika "never". Kiswahili husema "Hachelewi kamwe", na kitenzi hukanusha. Kiingereza hutaka kitenzi kisichokanusha: "He is never late," kwa kuwa kukanusha kumekwisha kuwamo ndani ya kielezi. Aandikaye "He is not never late" alikusudia kumsifu mtu, kumbe amemshuhudia kuwa mara nyingine huchelewa.

Hapo ndipo vielezi hivi hupita mipaka ya sarufi vikawa mizani ya ushuhuda. Barua isemayo kwamba mfanyakazi "is always late", hali amechelewa mara mbili tu, ina mpangilio sahihi na maneno ya dhuluma. Yaweza kumnyima mtu riziki. Mwalimu asahihishaye madaftari na aulize mambo mawili: neno limekaa mahali pake? Na jambo lenyewe hutokea mara ngapi?