Chujio la Ndege

Mwezi wa Machi, mwaka 2014, nilikuwa mjini Dodoma kwa mafunzo ya walimu, ndipo nilipopata habari ya kwamba baba yangu amefariki kwetu Malinyi. Ulikuwa wakati wa mvua nyingi. Siku zile daraja la mto Kilombero lilikuwa halijafunguliwa. Watu walivuka kwa pantoni, na barabara zilijaa tope. Rafiki zangu wakaniombea nafasi katika ndege ndogo iliyokuwa ikipeleka dawa upande ule. Nikaambiwa, "Njoo kesho alfajiri." Nikashukuru sana, kwa kuwa mazishi yaliwekwa jioni ya siku hiyo.

Nilipofika, niliikuta ndege bandani, na vifuniko vya injini vimeondolewa. Fundi, mzee mwenye mvi, alikuwa amekwisha kumwaga oili ya zamani. Akaniambia, "Karibu, Mwalimu. Pole kwa msiba. Injini hii imetimiza saa 50 za kuruka tangu nilipobadili oili na chujio. Nikimaliza, mtaondoka."

Chujio lenyewe ni mkebe wa chuma unaoshikika kwa mkono mmoja. Ndani yake mna karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi. Oili huzunguka katika injini ili vyuma visisagane, nayo hupita katika karatasi hiyo na kuacha uchafu wake. Mna pia kilango kidogo. Karatasi ikiziba, kilango hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Maana ni afadhali injini ipate oili chafu kuliko kukosa oili kabisa.

Nikamwuliza, "Mzee, mbona hununui chujio la motokaa? Sokoni yako mengi, bei yake nafuu, na umbo ni lile lile."

Akacheka, akasema, "Umbo si kitu, Mwalimu. Kitabu cha injini hii kimetaja namba ya chujio lake, wala sichagui jingine. La motokaa limepimwa kwa kazi nyingine. Tena, chujio likianguka sakafuni, hata likiwa jipya, silifungi, nalitupa."

Nilidhani atalitupa na lile la zamani. Hakulitupa. Alilikata kwa chombo chenye kigurudumu kikali, kama mtu afunguavyo kopo. Hakutumia msumeno, maana unga wa chuma utokao katika msumeno ungalimdanganya. Akaitoa karatasi, akaikunjua, akaitazama mwangani. Kisha akanyamaza. Katika mikunjo mlikuwa na chembe zilizometameta. Akazisogezea sumaku, zikaikimbilia.

"Hii ni pua," akasema. "Imetoka ndani ya injini. Ndege hii hairuki leo."

Nikakasirika. "Mzee, baba yangu anazikwa leo! Chembe kama mchanga zitafanya nini? Funga chujio jipya, twende."

Hakunijibu kwa ukali. Aliiweka karatasi mkononi mwangu, akasema, "Mwalimu, ukikusanya madaftari usiyasahihishe, umejua nini juu ya watoto wako? Chujio ni daftari la injini. Mimi nimekwisha kulisoma. Na kati ya hapa na kwenu iko milima ya Udzungwa yenye misitu minene. Hapana pa kutua."

Nikapanda basi kwa uchungu. Nilifika Malinyi siku ya tatu, nikakuta kaburi limekwisha kufukiwa.

Baada ya miezi miwili nilirudi Dodoma, nikaenda kwa yule mzee. Akanieleza kwamba injini ilifunguliwa, wakakuta mhimili unaosukuma vali umelika. Nikamwuliza, "Je, tungalianguka?"

Akajibu, "Sijui. Labda mngalifika salama. Lakini sikuwa na haki ya kukurusha kwa labda."

Siku ile alikuwa akifunga chujio jipya, nami nikamshikia taa. Kwanza alihakikisha mpira wa chujio la zamani haukubaki pale, kwa kuwa mipira miwili ikikutana, oili huvuja. Akaupaka mpira mpya mafuta kidogo. Akalikaza chujio kwa spana yenye kipimo, wala si kwa nguvu za mkono tu, akalifunga kwa waya lisilegee. Akaiwasha injini, akaizima, akatazama kama pana tone lolote. Mwisho akaandika kitabuni saa za injini, akatia sahihi yake.

Wanafunzi wangu, mpaka leo naona uchungu kwamba sikumzika baba yangu. Lakini kila nikumbukapo hasira yangu ya asubuhi ile, naona haya. Mzee yule angaliweza kulitupa chujio bila kulikata, nasi tungalimshukuru. Basi, mtu akikuletea neno la kweli usilolipenda, usimkasirikie upesi. Tazama kwanza alichokiweka mkononi mwako.