Barua kutoka Nairobi: Bima imekufa, stika ingali kiooni

Wapendwa wa nyumbani,

Najua wapo watakaosema Nairobi si ughaibuni, maana ukipanda basi alfajiri pale Arusha, mchana unakula wali Tom Mboya Street. Sawa. Lakini anayeishi kwa kibali cha kazi anajua yuko kwa watu.

Leo nawaandikia habari za bima za magari, tena zile zilizofutwa kabla ya muda wake kwisha. Mada kavu, nakiri, lakini anayevuka barabara kwa miguu pale Kangemi inamhusu kuliko anavyodhani.

Hapa bima kubwa ya mwaka mzima wengi hawailipi kwa mkupuo. Benki inailipa kampuni ya bima, mwenye gari anairejeshea benki kidogo kidogo kila mwezi. Akikwama, benki inaiandikia kampuni: futeni, na kilichobaki mturudishie sisi. Kwa hiyo bima inaweza kufa mchana kwenye ofisi moja ya Upper Hill huku mwenye gari yuko kwenye foleni ya Waiyaki Way, stika iking'aa kiooni, muda wake bado miezi mitano. Wengine wanafuta wenyewe kwa sababu wameuza gari, nao hugundua kwamba kampuni ikifuta inahesabu siku zilizobaki, ila mteja akifuta anakatwa kwa jedwali la muda mfupi na kurudishiwa kiduchu. Ndiyo maana wapo wanaoona bora kunyamaza.

Sheria ya Kenya inayosimamia haya ni Sura 405, ya bima ya magari kwa madhara yanayowapata watu wengine. Ni ndugu wa damu wa Sura 169 yetu, zote zimezaliwa na sheria za Waingereza za miaka ya 1930. Ina kifungu ninachokipenda. Kinasema mahakama ikishatoa hukumu kwa aliyegongwa, kampuni italipa hata kama ina haki ya kuifuta bima, au imeshaifuta. Ukomo ni shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja. Kampuni ikitaka kujitoa, haitoshi kusema "tulishafuta". Ionyeshe kwamba ilifuta kabla ya ajali, na kwamba cheti kilirudishwa kabla ya ajali au ndani ya siku 14 tangu kufuta. Au mwenye nacho ameapa kwamba kimepotea. Au kampuni imemshtaki kwa kukikalia.

Aliyeandika hivyo alimjua binadamu. Alijua bima ni maandishi ndani ya faili, na anachokiona askari, konda na abiria ni karatasi. Karatasi ikibaki barabarani, inadanganya. Zamani, basi, cheti kilirudishwa mkononi, kikapigwa muhuri, kikalazwa kwenye faili. Huo ndio ulikuwa ushahidi wa kifo cha bima.

Sasa kila kitu kimehamia kwenye kompyuta. Chama cha kampuni za bima, AKI, kina mfumo mmoja unaotoa vyeti vya kidijitali kwa magari ya abiria, ya biashara, ya binafsi na pikipiki. Nilikaa kwa wakala mmoja katikati ya mji, ghorofa ya pili juu ya duka la simu, jirani yangu wa Kileleshwa akimsindikiza kijana wa Kawangware aliyenunua kwake Toyota Vitz. Wakala akaandika namba ya gari, mfumo ukagoma: gari hili lina cheti hai. Haukubali vyeti viwili kwa gari moja. Ikabidi ipigwe simu kampuni ya zamani, karani aulize sababu, aambiwe gari limeuzwa, afute. Chai ilikuwa haijapoa, cheti kipya kikaingia kwa barua pepe. Kijana akakichapisha kwenye karatasi ya kawaida, akaomba mkasi, akakata pembeni, akashuka kwenda kukibandika.

Uzuri wake ni kwamba kufuta kunaacha alama: tarehe na sababu. Lakini karatasi inayoweza kuchapishwa mara moja inaweza kuchapishwa mara ishirini, na cha kuirudishia kampuni hakipo tena. Waingereza wenyewe waliliona hilo, wakaondoa mwaka 2015 sharti la kurudisha cheti cha bima iliyofutwa. Wao wana hifadhidata ya kitaifa ambayo polisi huitazama moja kwa moja. Hapa askari mwenye simu na nia njema anaweza kuhakiki. Anayekodolea macho tarehe ya kiooni tu anamsalimia marehemu.

Na hapo ndipo penye uchungu. Ajali ikitokea, polisi hutoa hati ya muhtasari, Wakenya wanaiita abstrakti, yenye jina la kampuni ya bima na namba ya cheti. Ikiwa vimenakiliwa kutoka kwenye stika iliyokufa, aliyevunjika mguu anabeba abstrakti hiyo hadi mahakama za Milimani, na kampuni inasimama na kusema gari hili hatulijui tangu mwezi jana. Ana miaka mitatu ya kufungua madai ya ajali, na kwa mtoto muda huo unaweza kumsubiri mpaka awe mtu mzima. Rekodi ya bima iliyofutwa leo inaweza kuhitajika miaka kumi na tano ijayo. Kampuni nazo hufa: United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na zote mbili zilikuwa zikikatia bima matatu. Faili likilala ndani ya kampuni peke yake, linazikwa nayo.

Kwa maoni yangu rekodi ya kufuta si siri ya mteja na kampuni yake. Ni mali ya aliye barabarani, na inapaswa kukaa mahali ambapo wakili wa mlalahoi ataipata kwa namba ya gari na tarehe ya ajali, bila kuomba hisani ya karani. Kwetu TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, wana mfumo wa stika za kielektroniki wa kuhakikia kwa namba ya gari. Tuwaulize nao, tena mapema, kama unaonyesha na siku bima ilipofutwa.

Nyie mnaokuja huku na magari, msivuke Namanga bila Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvukia mipaka; Tanzania tulitoka kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000, ila kwenye kadi tumo. Anayefuta bima adai barua yenye tarehe. Na ukigongwa, Mungu apishe mbali, usiishie kupiga picha stika. Hakiki namba ya gari siku hiyo hiyo, uhifadhi majibu, ndipo uende kituoni kuandikisha abstrakti.

Wenu,
Mtanzania wa Kileleshwa