Mlima Uliokuwa Kushoto

"Mjomba, mbona hoteli na maduka mengi ya Kitale yanaitwa Elgon, na mlima wenyewe uko Uganda?"

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Shule zikifunguliwa hupanda matatu Bungoma, akapitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, na mlima uko kushoto kwake karibu safari nzima. Kinachoniuma ni kwamba kijana hana kosa. Dirishani haoni ila maghorofa, vituo vya mafuta na mabango ya matangazo.

Sisi mlima tuliujulia dukani, kati ya Kamukuywa na Kiminini. Mwenye duka tulimwita Kuka, yaani babu, watoto wote, hata wasio wa ukoo wake. Alilijenga mbali na lami, kwa matofali ya kuchoma, na mabati ya mbele yakashuka kufunika baraza pana. Ndani palinuka mafuta ya taa, omena na sukari guru. Barazani, mafuta ya cherehani, maana fundi wa sare alikaa hapo na mashine yake. Kuka aliutazama Elgon kuliko alivyoitazama saa. Wingu likishuka mabegani mwa mlima kabla ya adhuhuri, alitupigia kelele tuanue mahindi, yawe yetu au ya jirani, na kabla hatujakunja turubai matone yalikuwa yameanza. Asubuhi kukiwa kweupe alituonyesha Koitobos, kilele kile bapa cha mita 4,222, na kutuambia kiko Kenya.

Nilimuuliza mbona alijenga mbali hivyo na wateja. "Barabara itakua," akasema. "Sitaki inikute kitandani."

Dada yangu anasema hiyo ilikuwa 1983. Mimi nasema 1985, mwaka uliofuata ule ukame. Haidhuru. Harufu ya mayai viza ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper ilikuwa bado ikitupokea Webuye.

Kuka akafariki, wanawe wakagawana shamba, kiwanda kikafungwa 2009, kaunti zikaja. Mbele ya duka sasa pamesimama jengo la ghorofa nne, ukuta wake umegusa mpaka wa hifadhi ya barabara. Kila baada ya miaka michache X nyekundu hupakwa vibandani, tingatinga hupita, mama mboga hupoteza mtaji wake, na ghorofa lililo nyuma yake huendelea kuziba mlima. Hilo linanikera mno.

Sheria ya barabara ya 2007 inalinda hifadhi. Anachokiona msafiri haikigusi. Lakini ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 imezipa kaunti kauli juu ya kila ramani ya jengo. Basi Bungoma na Trans Nzoia ziandike mwongozo mmoja, kwa kuwa mlima haujui mpaka wao. Upande wa magharibi majengo yarudi nyuma na yasipande juu. Maghorofa yajengwe mijini, ambako yana kazi. Mabango yahamie mashariki. Baina ya soko na soko paachwe mashamba wazi, na mwenye shamba apunguziwe ada, asiachiwe mzigo peke yake.

Ukikaribia Kiminini bado kuna mahindi upande wa kushoto, na Elgon wote unaonekana. Juzi nimeona vigingi vya ploti za futi 50 kwa 100 vimeshapigwa humo, na bado havijazungushiwa uzio.