Taa ya Dashibodi na Mafundi wa Gerezani

Mpwa wangu, kijana mwenye adabu na mwenye gari, lakini asiyepata kuiona kabureta kwa macho yake, aliniuliza juzi tukiwa tumesimama mbele ya boneti iliyo wazi: "Mjomba, zamani mlikuwa mkijuaje gari linaumwa nini, na mashine ya kupimia haikuwapo?" Swali hili lilinikuta nimeghadhibika, maana fundi wake alikuwa amekwisha kuchomeka kidude chake chini ya usukani, akasoma P0171 katika simu yake, na akahukumu, kabla ya kuisikia injini ikinguruma hata mara moja, ya kwamba sensa ya oksijeni imekufa na inunuliwe nyingine.

Mimi nimelelewa, kwa kiasi fulani, katika gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam, ambako marehemu baba alikuwa akipeleka Peugeot 404 yake na kuniacha huko mchana kutwa, siku za likizo, ili nilinde spea zisipotee. Nilitaka kuandika kwamba hayo yalikuwa mwaka 1974; nikaitafuta kadi ya gari, nayo yasema 1972, na dada yangu mkubwa ameshikilia kwamba ni baadaye zaidi; basi na uwe mwaka wowote. Ninalolikumbuka pasi na shaka ni harufu ya mahali pale, petroli na grisi na mpira ulioungua, ambayo baada ya alasiri ilichanganyika na ile ya kahawa, muuzaji alipopita akigonganisha vikombe vyake. Mwenye gereji, ambaye sote tulimwita Fundi tu, alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya viua iliyokuwa nyeupe hapo awali, na bisibisi ndefu ya mpini wa mti ambayo ncha yake aliiegemeza juu ya injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho, na ole wake mtoto atakayesema neno wakati huo. Kisha huchomoa nyaya za plagi mmoja baada ya mmoja, injini ikinguruma: silinda ambayo waya wake ukitoka mlio haubadiliki, hiyo ndiyo mgonjwa. Plagi yenyewe huifungua na kuigeuzageuza juani. Masizi makavu, mafuta yamezidi. Weusi wenye utelezi, oili yapita kwenye ringi. Weupe wa kuungua, hewa imezidi. Na akiona rangi ya kahawia, huirudisha pasi na kusema kitu.

Dashibodi za siku zile hazikuwa na maneno mengi: mshale wa joto, taa ya chaji, taa ya oili. Hata hizo chache Fundi hakuzisadiki upesi. Siku moja lililetwa Bedford la mizigo, taa ya oili ikiwaka, na dereva wake ameghumiwa kwa hofu ya injini ya watu kumfia mikononi. Fundi aliuchomoa waya wa swichi ya oili ubavuni mwa injini, na taa, ambayo hapo ilipasa kuzimika, ikaendelea kuwaka. Akaufuata waya kwa vidole mpaka alipofika mahali ulipochubuka na kugusa chuma, akaufunga tepu, taa ikazimika. Dereva akashukuru, akataka kuondoka. Akazuiwa. Swichi ikafunguliwa, geji ya presha ikafungwa mahali pake, injini ikawashwa, na mshale ulipopanda palipostahili ndipo akapewa ruhusa. "Taa ni shahidi," alituambia, "na shahidi huhojiwa kwanza, ndipo kesi isikizwe."

Yakaja magari ya Japani, na taa mpya yenye umbo la injini. Mafundi wetu hawakuwa na mashine. Walikuwa na kipande cha waya. Toyota nyingi za miaka ile zilikuwa na kisanduku kidogo ndani ya boneti, na ukiliunganisha tundu la TE1 na la E1, ukafungua swichi bila ya kuwasha injini, taa ilimeta kwa hesabu: mara mbili, ikapumzika, tena mara mbili, ni 22, sensa ya joto la maji; 41, sensa ya throto; na ikimeta mfululizo, hakuna tuhuma yoyote. Fundi, mvi zimekwisha kumjaa, alihesabu kwa sauti na mwanafunzi wake akaandika kwa chaki ubavuni mwa tairi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Marekani iliamuru magari madogo yote, tangu modeli za 1996, yawe na soketi ya namna moja yenye pini 16 na orodha moja ya namba za hitilafu. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Mashine zilizokuwa za mawakala wakubwa peke yao zikashuka bei, hata leo kidude cha ELM327, aghalabu cha kunakiliwa, huuzwa Kariakoo na kuzungumza na simu ya mtu yeyote. Fundi alifariki, na gereji yake sasa ni ghorofa la maduka.

Mashine hiyo mimi siidharau hata kidogo. Ninachokidharau ni uvivu wa kuishia katika ukurasa wake wa kwanza. P0171 yasema tu kwamba hewa imezidi mafuta, na haisemi kwa nini. Kuna magari ya Japani, ya soko lao la ndani, ambayo soketi yake ni hiyo hiyo ya pini 16 lakini hayajibu lugha hiyo, na nimesikia mwenye gari akiambiwa kompyuta imeungua kwa sababu hiyo peke yake! Basi nikamwomba yule kijana awashe injini na afungue takwimu za papo kwa papo. Injini ikiwa tulivu, kompyuta ilikuwa ikiongeza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20. Tulipokanyaga mpaka mizunguko 2500, nyongeza ikashuka karibu na sifuri. Pampu dhaifu ingefanya kinyume chake, nyongeza ikapanda kadiri injini inavyotaka mafuta zaidi. Hii ilikuwa hewa ya wizi, ambayo ni nyingi kwa injini iliyotulia na si kitu kwa injini inayovuta kwa nguvu. Tukazima redio, tukasikiliza, na nyuma ya manifoldi tukausikia mluzi wa mpira uliopasuka. Sensa iliyohukumiwa kung'olewa ilikuwa imesema kweli tupu, na mpira ule haukufika hata sehemu ya kumi ya bei yake.

Nawe msomaji, ukienda kununua gari lililotumika, usiridhike kwa kuwa taa ya injini haiwaki, kwani wako wauzaji wafutao kumbukumbu ya hitilafu usiku wa kuamkia biashara, na wako waingoao balbu yenyewe. Fungua swichi bila ya kuwasha injini: taa hiyo haina budi kuwaka pamoja na wenzake, na isipowaka, jua imeuawa. Ikiwaka na kuzimika baada ya injini kushika, chomeka kidude utazame kama majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe yamekamilika. Ukiona mengi hayajakamilika, ama betri ilichomolewa karibuni, ama kumbukumbu imefutwa, na kwa vyovyote vile usitoe fedha siku hiyo.