Rangi za Udongo kule Makwacha

Ndugu musomaji, na zaidi wewe mama unayesoma haya huku unaangalia chungu ku moto, twende pamoja Makwacha. Ni kijiji cha upande wa mpaka wa Zambia, kama kilometa 40 tu toka Lubumbashi. Mutu wa kambi za mugodi, aliyezoea manyumba yenye kufanana mustari kwa mustari, akifika kule wakati wa kiangazi anasimama tu.

Kuta zimejaa rangi: nyekundu, njano, nyeupe, nyeusi. Si rangi ya duka. Wamama wenyewe wanachimba udongo, wanautwanga, wanauchanganya na maji. Wanalainisha ukuta kwa potopoto mupya, halafu wanachora kwa mukono: maua, nyama, vitu wanavyoviona kila siku. Kazi hiyo inafanyika nyuma ya mavuno, wakati mashamba yanapumzika. Kisha masika yanakuja, mvua inafuta yote. Mwaka unaofuata wanaanza tena.

Niseme kweli, mimi muchungaji nilihesabu ile kuwa kazi bure. Kupaka kitu ambacho mvua itafuta! Nikamwambia bibi yangu vile, tukiwa tungali mbele ya nyumba moja. Akakaa kimya kidogo, halafu akaniuliza:

"Baba, na bukari ninayopika, haimalizike siku ile ile?"

Nikakosa jibu. Anaamuka saa kumi ya usiku. Maji, makala, soko, watoto wa masomo, wagonjwa wa kanisa. Yote ni ya wengine. Lakini ule mama wa Makwacha, mbele ya ukuta wake, ni yeye mwenyewe anachagua kama ua litakuwa jekundu ao jeupe. Sisi wachungaji tunamusifu mama asiyekaa chini, na tunamusifu zaidi siku ya matanga yake. Na tunasahau kama mu Kutoka 35 wamama walileta kwa hema ya Mungu nyuzi za rangi, walizosokota kwa mikono yao.

Bibi yangu aliomba udongo mweupe kidogo, akaufunga mu pande la kitenge. Juma moja nyuma, nilirudia nyumbani na njaa, nikamukuta amepiga magoti mbele ya ukuta wa jiko, vidole vyeupe, anaimba pole pole. Moto haujawashwa. Nilitaka kusema neno.

Nikakamata ndoo, nikaenda kuteka maji.