Upande wa Chini

Hapa Magomeni, Kilosa, masika huotesha majani upesi, nasi twayakata kwa mashine ambayo mwendeshaji huketi juu yake. Zamani tuliifuta juu ikang'aa, chini hatukutazama. Majani mabichi yakagandamana humo, yakashika maji, kutu ikala chuma hata kikatoboka. Tena mwenzetu alitia mkono kuyatoa hali injini inanguruma; nusura apotewe na vidole.

Sasa twazima injini, twaondoa ufunguo, twachomoa waya wa plagi, ndipo twainua mashine na kuitegemeza kwa magogo imara. Twakwangua kwa kijiti, twakausha, twanoa kisu sawasawa pande zote mbili, maana kikizidi uzito upande mmoja hutikisa mashine nzima. Ndugu wasomaji, pasipotazamwa ndipo paozapo kwanza.