Siku Tuliyokwenda Maporomoko ya Gogo

Mpwa wetu alijifungua Homa Bay, ambako kazi ya uuguzi ilimpeleka, nasi wanawake wa nyumba moja tukaona haifai kungoja mpaka arudi Mombasa ndipo tumwone mtoto. Tukapanda treni hadi Nairobi, tukalala ndani ya basi, na asubuhi tukaliona Ziwa Victoria limetanda mbele ya mji, pana kama bahari yetu ila halina harufu ya chumvi. Tulikuwa wanawake sita, wasichana watatu na vijana wawili wa kiume. Arobaini ilipokwisha na wageni kupungua, watoto wakaanza kudai watembezwe.

Walikuwa wameona katika simu picha za maji yanayoporomoka katikati ya msitu mzito, wakadhani magharibi yote ya Kenya iko hivyo. Tukawaeleza kwamba msitu wa namna hiyo uko Kakamega, mabaki ya upande huu ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, na kwamba hiyo ni safari ya siku nyingine. Mwenyeji wetu akasema Migori nako kuna maporomoko, yaitwayo Gogo, katika mto Kuja, na mtu aweza kwenda na kurudi kwa siku moja.

Tukaondoka baada ya sala ya alfajiri katika gari la kukodi, kapu la mahamri na mbaazi miguuni petu. Tukapita Rongo, tukapita Awendo ambako miwa haina mwisho, tukafika Migori mjini, kisha tukashika njia ya upande wa Macalder, mahali palipopata jina kwa machimbo ya dhahabu na shaba. Pale Gogo pana kituo kidogo cha umeme cha tangu zama za ukoloni, chenye uwezo wa megawati 2 tu. Mto wenyewe hutoka nyanda za juu za Kisii, ambako huitwa Gucha, ukateremka na udongo wa mashamba ya watu, hata ukifika pale rangi yake ni ya chai ya maziwa. Haukuwa na ule weupe wa kwenye picha. Lakini ngurumo yake tuliisikia kabla hatujauona, na bibi yetu, ambaye si mwepesi wa kusifu kitu cha bara, alisimama kimya kitambo kirefu, kisha akasema, “Subhanallah.”

Vijana wetu wa kiume wakavua mashati na kumfuata kijana mwenyeji kwenda juu kwenye mawe. Sisi tukatandika mkeka chini zaidi, mto unapotulia, mahali wanawake wa kijiji wanapofulia. Wasichana wakaomba nao waingie majini. Tukawaambia walowanishe miguu tu. Hapo ndipo kila mmoja wetu angetaka kurudi, kama siku zingerudika.

Mdogo wao, binti wa miaka tisa, alikanyaga jiwe lenye ukoka. Hakupiga kelele. Tumeishi tukiamini kwamba anayezama hupiga mayowe na kupunga mikono; yeye alikwenda chini kama kikombe kinavyozama ndani ya ndoo, akaibuka hatua nne mbele, akaenda chini tena. Baibui lake dogo, ambalo tulimshonea wenyewe kwa ajili ya safari, lilikuwa limemfunga miguu. Tulisimama ukingoni watu wazima sita. Sote tumezaliwa mahali ambapo mawimbi husikika kitandani usiku, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Mmoja wetu akafungua leso kiunoni na kuirusha. Haikufika.

Aliyeingia ni mwanamke aliyekuwa akifua, na mtoto wake mgongoni alimkabidhi mwenziwe kwa mkono mmoja huku akienda. Aliingia na nguo zake, akapiga mbizi, akamshika binti yetu kwa kola na kumvuta ubavuni. Haikupita hata dakika mbili. Alipomweka juu ya mkeka na mtoto kuanza kukohoa na kulia, alitutazama kwa mshangao usio na dharau, akauliza kwa Kiswahili, “Mama, nyinyi si mnatoka baharini? Huyu mtoto hajui maji?”

Tulimjibu kwa neno moja la Kijaluo tulilofundishwa Homa Bay, “Erokamano,” na machozi. Pesa alikataa. Leso aliichukua.

Tulisali adhuhuri palepale, kisha tukarudi, na ndani ya gari hapakuwa na maneno. Mpwa wetu alimpeleka mtoto hospitali usiku uleule, mapafu yakaonekana salama, alhamdulillahi. Lakini akatuagiza, kwa ukali wa kazi yake, kwamba tukifika nyumbani tuhesabu wiki kadhaa ndipo tumpime kichocho, maana konokono wanaobeba ugonjwa huo hupenda maji yaliyotulia, na vimelea huingia kupitia ngozi bila mtu kuhisi. Kwa hiyo pale tulipopachagua kwa kuwa pametulia hapakuwa salama kwa njia mbili.

Akina mama wenzetu, tunaandika haya kwa haya kidogo. Wengi wetu tunaikumbuka Aprili 29, 1994, feri ilipopinduka Mtongwe na kufa zaidi ya watu 250 karibu kabisa na nchi kavu. Tulihani, tukasoma hitima, tukaendelea kuvuka. Mimbarini tumesikia mara nyingi wosia unaonasibishwa na Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kwamba watoto wafundishwe kuogelea, nasi tukaufahamu kana kwamba watoto ni wavulana peke yao. Mvulana hufundishwa na wenziwe akitoroka chuoni. Msichana hukaa ufukweni akilinda viatu vya kaka zake.

Tulipolitaja jambo hili nyumbani, baadhi ya wanaume waliuliza kuhusu stara. Swali ni la haki, na jibu lake lipo. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea kwa zaidi ya miaka 10 sasa, kwa mavazi yanayofunika mwili na kichwa. Mavazi hayo hushonwa kwa kitambaa kisichonyonya maji. Tofauti yake na baibui tuliijua Gogo: baibui likilowa huwa jiwe.

Sasa kila Jumapili, kukiwa na maji mafu na kabla jua halijapanda, tunakwenda pwani na binti wa mvuvi mmoja, mtaani kwetu, aliyefundishwa na marehemu baba yake kwa siri. Somo la kwanza halikuwa kupiga mikono. Alituambia tulale chali, masikio ndani ya maji, tuiache bahari itubebe. Na kwa mtu aliyeiogopa kwa miaka 40 hakuna kazi ngumu kuliko hiyo. Wengine wetu tunaweza kwa pumzi tatu. Tumekunywa maji ya chumvi ya kutosha. Vipimo vya kichocho vya binti yetu vilitoka safi, naye hutushinda sote: hulala juu ya maji na kuhesabu hadi 60 kwa sauti ili bibi yake amsikie. Bibi ana miaka 71. Husimama maji ya magoti, ameshika ncha moja ya kamba ambayo ncha ya pili imefungwa kiunoni mwa mjukuu, na kila Jumapili tunapomwambia kamba haihitajiki tena, hutujibu kwamba anajua.